Ugonjwa wa mwerebi huanzia kwenye pingili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nitoe maoni yangu kuhusu makala mliyochapisha juu ya upandaji wa mierebi. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi mti huu unavyoota upesi kutokana na kipande cha tawi, yaani pingili, na katika hilo sina ugomvi naye. Ninachopinga ni mpangilio wa makala yenyewe: nafasi karibu yote imetolewa kwa kukata na kuchomeka, halafu magonjwa yakatajwa mwishoni kwa aya moja tu, pamoja na ushauri wa kupuliza dawa pindi dalili zitakapoonekana. Mimi ni mtunza kitalu cha miti, na kwa ninavyoijua kazi hii, baadhi ya magonjwa mabaya zaidi ya mwerebi huingia shambani yakiwa ndani ya pingili yenyewe, na mengine hupata nguvu kwa sababu ya namna pingili zilivyochaguliwa. Mkulima anayesubiri dalili ndipo achukue hatua huwa amechelewa, na kwa ugonjwa mmoja nitakaoueleza hapa chini hakuna dawa yoyote ya kupuliza.

Mierebi ni miti ya jenasi ya Salix, yenye spishi zipatazo 400, nyingi zikiwa za nchi za baridi za kaskazini mwa dunia, ingawa Afrika nayo ina mwerebi wake wa asili, Salix mucronata, unaoota kando ya mito. Spishi nyingi kati ya hizi hukubali pingili kwa sababu chembe za mizizi huwa zimekwisha kuumbika ndani ya tawi changa, zikiwa zimelala chini ya gome. Tawi likikatwa na kupata unyevu, chembe hizo huamka katika muda wa siku chache bila kuhitaji homoni ya dukani. Mbegu za mwerebi, kwa upande wake, ni ndogo mno na hupoteza uhai katika siku au wiki chache baada ya kukomaa, kwa hiyo si ajabu kwamba wakulima karibu wote hutegemea matawi. Makala ilipaswa tu kuongeza kwamba si kila mwerebi una wepesi huo: Salix caprea, kwa mfano, mara nyingi hukataa kutoa mizizi kwa pingili za tawi gumu, na anayeutaka afadhali azike tawi lake ardhini likiwa bado limeshikamana na mti mama, au apande mbegu mbichi.

Wepesi wa pingili ndio unaoleta shida ninayoizungumzia. Mti unaotokana na pingili si mtoto wa mti mama kwa maana ya kawaida. Ni mti ule ule, wenye nasaba ile ile, uliohamishiwa mahali pengine. Kama mti mama ni dhaifu mbele ya ugonjwa fulani, pingili zake zote zitakuwa na udhaifu huo huo, na kama ndani ya mbao zake mna kimelea, kuna uwezekano mkubwa kwamba kimelea hicho kitasafiri pamoja na pingili hadi shamba jipya. Kuna simulizi maarufu kwamba mierebi mingi yenye matawi ya kuinama huko Australia na New Zealand ilitokana na matawi yaliyokatwa karibu na kaburi la Napoleon kisiwani Saint Helena. Iwe ni kweli kwa mti huu au ule, simulizi hiyo inaonyesha jinsi mti mmoja unavyoweza kutapakaa nchi nzima kwa mikono ya watu, pamoja na kila udhaifu ulio nao.

Nianze na ugonjwa usio na tiba, ambao makala haikuutaja kabisa. Ugonjwa wa alama ya maji husababishwa na bakteria aitwaye Brenneria salicis, anayeishi ndani ya mishipa ya mbao inayopandisha maji kutoka mizizini. Mwerebi mweupe, Salix alba, ndio unaoumia zaidi, hasa aina yake ya caerulea, ambayo mbao zake hutumika kutengenezea magongo ya kriketi. Dalili hujitokeza baada ya majani kukunjuka: tawi moja, au upande mmoja wa kilele, hunyauka kwa ghafla na majani yake huwa ya rangi ya kahawia yenye wekundu, kana kwamba yameunguzwa, huku sehemu nyingine za mti zikiendelea kuwa za kijani. Ukilikata tawi hilo kwa msumeno utaona ndani yake doa lenye majimaji, mara nyingi katika umbo la pete au sehemu ya pete, ambalo likipigwa na hewa huzidi kuwa jeusi. Mbao yenye doa hilo hupoteza unyumbufu, huvunjika kwa urahisi, na kwa mtengenezaji wa magongo haina thamani yoyote.

Nchini Uingereza, ambako mierebi ya kriketi hukuzwa kwa miaka 15 hadi 20 kabla ya kuvunwa, ugonjwa huu ulionekana kuwa mzito kiasi cha kutungiwa amri ya kisheria mwaka 1974, ambayo inazipa serikali za mitaa katika maeneo yanayohusika mamlaka ya kukagua miti na kuamuru ile iliyoambukizwa ikatwe na kuangamizwa. Jambo linalopaswa kumshtua mpandaji ni kwamba bakteria huyu anaweza kukaa ndani ya mti kwa muda mrefu bila mti kuonyesha dalili. Mwerebi wa kriketi hupandwa kwa fito ndefu zisizo na mizizi, zenye urefu wa kama mita 3, na ufito uliokatwa kwenye mti wenye bakteria unaweza kuota vizuri kabisa, ukachanua majani, ukampendeza mwenye shamba kwa misimu kadhaa, kisha ukaanza kunyauka wakati jirani zake nao wamekwisha kuwa hatarini. Ndiyo maana wakuzaji makini hawakati fito popote wanapoona mti mzuri. Huwa na visiki maalumu vya kuvunia fito, vilivyopandwa mbali na miti mikubwa na kukaguliwa kila mwaka, na kisiki kinachotiliwa shaka hung'olewa chote. Ningependa kuona utaratibu huo ukifuatwa na kila mwenye kitalu cha mierebi, hata kama hajawahi kuliona gongo la kriketi maishani mwake.

Kwa sababu hiyo, nashangazwa na ushauri uliotolewa katika makala kwamba njia ya bei nafuu ya kupata pingili ni kuokota matawi yaliyoachwa baada ya miti kupogolewa. Watu wengi hupogoa mti kwa sababu tayari una matawi yanayokauka, au yenye vidonda, au yanayodondosha majani kabla ya wakati, na lundo la matawi hayo chini ya mti ni mahali pabaya kuliko pote pa kutafutia pingili. Pingili itafutwe kwenye mti ambao mkulima ameutazama ukiwa na majani, katika msimu wake wa kukua, akaona kwamba majani ni safi na kwamba hakuna tawi lililokufa kileleni. Mti ukiwa umekwisha kupukutisha majani, mgonjwa na mzima hufanana sana, na kwa bahati mbaya huo ndio wakati ambao tawi linafaa zaidi kukatwa. Dawa yake ni ndogo: miti mama iwekewe alama ikiwa na majani, na matawi yakatwe baadaye, mti unapolala. Mahali ambapo mwerebi haupukutishi majani yote, wakati unaofaa ni ule ambao ukuaji umepungua na macho ya tawi bado hayajavimba.

Kuhusu ukataji wenyewe sitarefusha, kwa kuwa makala imeueleza kwa usahihi. Tawi liwe la msimu mmoja, lenye unene wa penseli au zaidi kidogo, na pingili iwe ya sentimita 20 hadi 30, ikitolewa sehemu ya chini na ya katikati ya tawi, kwa maana ncha huwa na akiba ndogo ya chakula. Upande wa chini ukatwe moja kwa moja chini ya jicho na upande wa juu ukatwe kwa mshazari, ili mtu asije akapanda pingili kichwa chini. Pingili ichomekwe ardhini hadi yabaki macho machache tu juu ya udongo, kisha udongo ushindiliwe vizuri kuizunguka. Magugu yasiruhusiwe kabisa katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa mwerebi mchanga hushindwa haraka na nyasi. Mkasi au kisu kipanguswe kwa spiriti kila mtu anapohama kutoka mti mama mmoja kwenda mwingine. Kazi hii inachosha na wengi huiruka, lakini bakteria hawahitaji zaidi ya utomvu uliobaki kwenye makali ya chuma.

Ipo hatua moja ambayo makala imeipita kwa sentensi moja, nayo ni muda kati ya kukata na kupanda. Kwenye gome la mierebi mingi inayoonekana kuwa na afya huishi kuvu za jenasi ya Cytospora, ambazo hazina nguvu ya kuudhuru mti wenye maji ya kutosha. Pingili ikiachwa juani, au ikikaa kwenye gunia kavu kwa siku kadhaa, gome hupoteza maji na kuvu hiyo hupata nafasi: gome hubonyea na kubadilika rangi, vipele vidogo vyeusi hutokeza juu yake, na hewa ikiwa na unyevu hutoka nyuzi nyembamba za rangi ya chungwa, ambazo ni mbegu za kuvu. Pingili ya namna hiyo yaweza kuchipua majani mawili matatu kwa chakula kilichobaki ndani yake, kisha ikafa, na mkulima akalaumu udongo au mchwa. Kwa hiyo pingili zisizopandwa siku hiyo hiyo zifungwe ndani ya plastiki na kuwekwa mahali penye baridi ya nyuzi 1 hadi 4 za Selsiasi, mbali na jua, na kabla ya kupandwa ziloweshwe ndani ya maji safi kwa siku nzima. Wanaopenda kuotesha mizizi kwenye chupa ya maji wanaweza kuendelea kufanya hivyo, ila wabadilishe maji mara kwa mara na wahamishie udongoni mapema, kwa kuwa mizizi iliyoota majini huvunjika upesi inapokuwa mirefu.

Sasa nije kwenye kutu, ambayo ndiyo hasa mwandishi aliyoikusudia aliposhauri dawa ya kupuliza. Kutu ya mwerebi husababishwa na kuvu za jenasi ya Melampsora. Chini ya jani hutokea vipele vya unga wa rangi ya chungwa, na kila kipele hutoa mbegu zinazopeperushwa na upepo na kuambukiza majani mengine, mzunguko ukijirudia mara nyingi katika msimu mmoja. Mti ulioshambuliwa sana hupukutisha majani mapema, matawi yake hayakomai inavyotakiwa, na magonjwa mengine ya gome hupata mlango. Aina nyingi za kutu hii humaliza maisha yake kwa kupitia mti mwingine. Iliyo maarufu zaidi hupitia miti ya jenasi ya Larix, ya jamii ya misonobari, kwa hiyo si busara kupanda shamba la mierebi karibu na miti hiyo. Lakini kutu inayoushambulia Salix triandra, mwerebi unaopendwa na wasusi wa vikapu, haihitaji mti wa pili, na inaweza kuingia kwenye fimbo changa zenyewe, zikavunjika zinapopindwa na msusi.

Je, dawa ya kuua kuvu itasaidia? Kitaluni, kwa miche michache iliyo karibu karibu, yaweza kusaidia. Katika shamba la mierebi ya kuni au ya nishati, ambamo hupandwa pingili kama 15,000 kwa hekta na kuvunwa kila baada ya miaka mitatu hivi, gharama ya kupuliza haiwezi kurudi, achilia mbali ugumu wa kupita katikati ya msitu wa fimbo zilizompita mtu kimo. Njia iliyothibitika ni nyingine kabisa. Watafiti wa Ireland ya Kaskazini walilinganisha mashamba ya aina moja na mashamba yaliyochanganywa aina kadhaa za mwerebi, wakaona kwamba katika mchanganyiko kutu huchelewa kuanza na haisambai kwa kasi ile ile. Sababu yake inaeleweka: kuvu iliyozoea aina moja ikipeperushwa na kutua kwenye jani la aina nyingine hupotea bure. Wakulima wa mwerebi wa nishati hushauriwa kuchanganya angalau aina tano, zenye nasaba tofauti, zikiwa zimechanganyika ndani ya mistari badala ya kila aina kuwa na sehemu yake. Uamuzi huo hufanywa siku ya kukusanya pingili. Aliyekata pingili zake zote kwenye mti mmoja aliousifu kwa uzuri wake amekwisha kuichagua kutu yake, na pampu ya dawa haitabadilisha jambo hilo.

Kwa wale wanaopanda mwerebi wa matawi ya kuinama kwa ajili ya bustani, ugonjwa wa kuangaliwa zaidi ni chule, unaosababishwa na kuvu iitwayo Marssonina salicicola. Hupamba moto katika majira yenye mvua nyingi majani yanapokuwa machanga: majani hupata madoa madogo ya kahawia, hujikunja, hugeuka manjano na kudondoka, na vijiti vyembamba hupata vidonda vyeusi. Mti mkubwa hauwezi kufikiwa wote kwa dawa, na mara nyingi hupona wenyewe hali ya hewa ikikauka, hata kama umebaki mtupu kwa wiki kadhaa. Kuvu hii hukaa kwenye majani yaliyodondoka na kwenye vile vidonda vya vijiti. Basi majani yafagiliwe na kuondolewa, na kijiti chenye kidonda, hata kiwe kimoja na kidogo namna gani, kisifanywe pingili.

Magonjwa mawili mengine huja kwa kufuatana. Kwanza huja ukoko unaosababishwa na Venturia saliciperda, ambao huua majani machanga, yakawa meusi na kunyauka, huku unga wa kijani kibichi iliyofifia ukionekana kwenye mishipa ya upande wa chini. Kutoka kwenye jani kuvu hushuka hadi kwenye kijiti. Baadaye katika msimu huo huo huja vidonda vyeusi vya Glomerella miyabeana, vinavyoshambulia majani na matawi makubwa zaidi. Mti unaopatwa na vyote viwili miaka kadhaa mfululizo unaweza kufa. Uvimbe mgumu unaoota kwenye shina karibu na udongo, unaoletwa na bakteria Agrobacterium tumefaciens, huingia kupitia majeraha, nao pia hauna tiba. Mti wenye uvimbe huo usikatwe pingili hata moja.

Kwa upande mwingine, ningependa kuwatuliza wasomaji kuhusu mambo mawili ambayo huwatisha bila sababu kubwa. Vinundu vyekundu vyenye ukubwa wa harage vinavyoonekana kwenye majani ni kazi ya mdudu mdogo wa jenasi ya Pontania, ambaye kiluwiluwi chake hula ndani ya kinundu hicho. Mti haudhuriki kwa kiasi cha kustahili dawa. Vidukari wakubwa wa mwerebi, Tuberolachnus salignus, ni wasumbufu zaidi, kwa kuwa hujikusanya kwenye gome kwa maelfu na kudondosha umande mtamu unaoota ukungu mweusi. Kidukari huyu huzaa bila dume, na madume wake hawajulikani kabisa, kwa hiyo jike mmoja aliyebaki kwenye tawi anatosha kuanzisha kundi zima. Aligunduliwa New Zealand mwaka 2013, akaenea upesi, na wafugaji wa nyuki wa huko wakapata hasara ya aina yake: nyuki walipokusanya umande huo, asali iligandia kwenye masega na haikukamulika. Pingili zitazamwe gome lote kabla ya kufungashwa, na zenye vidukari zisipelekwe kwa mtu mwingine.

Limebaki suala la matawi yaliyokataliwa, ambalo makala haikuligusa. Kwa mimea mingine, kilichokatwa na kutupwa huoza na mambo yakaisha. Tawi la mwerebi likitupwa kwenye lundo lenye unyevu linaweza kuota, na likitupwa mtoni linaweza kuchukuliwa na maji na kuota mbali sana na hapo. Australia imejifunza hilo kwa gharama kubwa: mwerebi unaovunjika matawi kirahisi, Salix fragilis, umejipanda wenyewe kwenye kingo za mito kwa vipande vinavyosombwa na maji, na leo karibu mierebi yote, isipokuwa michache iliyotajwa kwa majina, imo katika orodha ya taifa ya magugu mabaya zaidi. Matawi yenye ugonjwa yachomwe moto siku hiyo hiyo yanapokatwa. Yale mazima yasiyohitajika yaanikwe mahali pakavu, juu ya mawe au sakafu na si juu ya udongo, mpaka gome libanduke kwa ukucha na ndani yake pasiwe na kijani, ndipo yatumike kama kuni.

Wako,
Msomaji na mtunza kitalu cha miti